JE, YAFAA KUONGEZA NYAYA ZA ATHI KATIKA MOTOKAA?



Hapa Robanda motokaa isiyowaka si jambo la kuchekwa. Mgonjwa akizidiwa usiku hupelekwa Mugumu, na njia ni ya vumbi na mawe. Motokaa ya mjomba wangu ilikuwa nzito kuwaka kila asubuhi. Fundi mmoja akamshauri anunue nyaya nne za athi ziongezwe, na mjomba akawa tayari kuuza mbuzi apate fedha. Nikamwomba, "Mjomba, nipe siku moja tupime kwanza." Akakubali.

Kwanza tufahamu waya wa athi ni kitu gani. Umeme hutoka katika betri, hupita katika stata au taa, kisha hauna budi kurudi katika betri. Njia ya kurudi ni chuma cha bodi na cha injini. Waya wa athi huunganisha chuma hicho na upande hasi wa betri. Injini nayo hukalia raba, isiyopitisha umeme. Kwa hiyo huhitaji waya wake.

Pili, tukumbuke kanuni ambayo Georg Ohm aliitangaza mwaka 1827: volti ni ampea mara omu. Tuseme stata inavuta ampea 200. Njia ya kurudi ikiwa na ukinzani wa omu 0.01, volti 2 zinapotea njiani kati ya 12 za betri. Njia ikiwa njema, ya omu 0.001, zinapotea volti 0.2 tu.

Basi tuliweka gea huru, tukagusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, na ya pili kwenye chuma safi cha injini. Mjomba akapiga stata. Mita ikaonyesha volti 1.8! Tukavua waya hasi wa betri, kisha tukafungua bolti ya athi. Chini yake kulikuwa na kutu na udongo mkavu. Tukasugua kwa msasa hata chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi juu yake, tukarudisha waya wa betri. Tulipopima tena, tulipata 0.2, na stata ikazunguka kwa nguvu.

Ndipo tukaazima waya mmoja, tukauongeza. Mita ikashuka hadi 0.1. Mjomba hakuona tofauti yoyote katika kuwaka. Mbuzi akabaki zizini.

Je, waya wa ziada haufai kamwe? Wafaa, ikiwa ule wa awali umekatika au umeliwa na kutu, au ikiwa motokaa imeongezewa vyombo vinavyovuta umeme mwingi, kama winchi na taa kubwa za magari ya watalii. Tena athi ya injini ikikatika, tusipuuze: umeme waweza kupita katika kebo ya aksileta na kuiunguza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: pima, safisha, kaza, kisha pima tena. Ukiona volti zinazopotea bado zazidi nusu, hapo nunua waya. Kazi hii yafaa ifanywe mchana, kabla ya usiku wa haja kutufikia.