Skauti na Dini: Fundisho kwa Wazazi na Vijana wa Nuu

Wako wazazi wengi wacha Mungu, katika Nuu na kote Ukambani, ambao huona shaka mtoto anapokuja nyumbani akisema, "Baba, nataka kuingia uskauti." Mzazi hujiuliza maswali matatu. La kwanza: je, chama hiki kitampunguzia mwanangu upendo wake wa kanisa au msikiti? La pili: ile ahadi inayotolewa mbele ya bendera ni kiapo cha namna gani? La tatu: kupiga kambi, kufunga kamba na kuwasha moto kwahusiana nini na roho ya mtu? Maswali haya ni ya haki, na mzazi ayaulizaye hafai kuchekwa. Katika fundisho hili tutayajibu moja moja.

1. CHAMA KILIVYOANZA

Mwanzilishi wa Maskauti, Robert Baden-Powell, alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford, naye alifariki mwaka 1860, mtoto akiwa na umri wa miaka 3 tu. Kwa hiyo Robert alilelewa na mama yake. Alipokuwa mtu mzima aliingia jeshini, na katika vita vya Afrika ya Kusini alikuwa mkuu wa askari katika mji wa Mafeking, uliozungukwa na adui kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900. Katika mji ule wavulana walipewa kazi ya kupeleka barua na habari, nao waliifanya kwa uaminifu mkubwa. Hapo Baden-Powell aliona jambo ambalo wazee wetu walilijua tangu zamani, kwamba kijana akiaminiwa na kupewa kazi ya kweli, hukua upesi.

Mwezi wa Agosti 1907 aliwakusanya wavulana wapata 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Wengine walikuwa wana wa matajiri na wengine wana wa wafanya kazi, nao walilala katika kambi moja. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake kwa ajili ya vijana, na chama kikaenea upesi sana hata kikafika Kenya mwaka 1910. Mwaka 1938 Baden-Powell mwenyewe alikuja kukaa Nyeri katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, akazikwa katika makaburi ya mji huo. Juu ya jiwe la kaburi lake imechorwa alama ya duara yenye nukta katikati. Ni alama ambayo Maskauti huitumia njiani, na maana yake ni, "Nimekwenda nyumbani." Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari, Maskauti huenda Nyeri kumkumbuka.

2. AHADI YA SKAUTI SI KITHITU

Wakamba wakijua vema kithitu, kiapo cha zamani kilichoogopwa sana, kwa maana iliaminiwa kwamba mtu akiapa uongo hufa yeye mwenyewe au jamaa zake. Basi si ajabu mzee akisikia kwamba watoto wanasimama na kuinua vidole vitatu, afikiri kwamba ni jambo la namna hiyo.

Lakini ahadi ya skauti ni mbali sana na kithitu. Haina laana wala siri, nayo hutolewa hadharani, mbele ya yeyote apendaye kuhudhuria. Kijana huahidi mambo matatu: kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa nchi yake, kuwasaidia watu wengine wakati wote, na kutii sheria ya skauti. Vidole vitatu vyamkumbusha mambo hayo matatu. Tena hasemi kwamba hatakosa kamwe, bali husema kwamba atajitahidi kwa kadiri awezavyo. Kinachomfunga si hofu ya kufa. Ni heshima yake mwenyewe.

Hapa pana fundisho kubwa la kiroho. Mtu atendaye mema kwa kuogopa adhabu, akiondoka mwenye fimbo naye huacha. Lakini mtu aliyezoea kutimiza neno lake ijapokuwa hapana amwonaye, huyo moyo wake umekwisha kuwa mlinzi wake. Dini zetu zote hutaka kumfikisha mtu hapo.

3. JE, SKAUTI NI DINI?

La, skauti si dini, wala haiwezi kuchukua mahali pa dini. Haina sala zake peke yake wala makasisi wake, na haina njia ya wokovu ya kumfundisha mtu. Humwambia kijana tu ya kwamba ana wajibu kwa Mungu, kisha humrudisha nyumbani kwao, na kwa mchungaji wake, padre wake au shehe wake, ajifunze wajibu ule ni nini.

Jambo hili liliamuliwa wazi katika mkutano wa Maskauti wa mataifa uliofanywa Copenhagen mwaka 1924. Wajumbe walisema kwamba chama chao hakikusudii kudhoofisha imani ya mtu bali kuitia nguvu, na kwamba skauti yampasa kuifuata dini yake kwa kweli, bila unafiki. Tena walikataza mtu yeyote kuhubiri madhehebu yake ili kuwavuta wengine katika mikutano yenye watu wa dini mbalimbali.

Kwa hiyo mtoto wa A.I.C. hataambiwa awe Mkatoliki, wala Mkatoliki hatavutwa aache misa, na Mwislamu hatazuiwa kusali wala kufunga. Kiongozi akipanga kambi siku ya Jumapili au Ijumaa, yampasa awape vijana nafasi ya ibada. Asiyefanya hivyo aivunja kanuni ya chama chake mwenyewe, na mzazi ana haki ya kumwambia.

4. JINSI ROHO INAVYOKUZWA

Sasa tufike kwenye swali la tatu. Kamba, moto na hema vyasaidia nini?

Kwanza, vyamfundisha kijana kutumikia kabla ya kuongoza. Maskauti hugawanywa katika vikosi vidogo vya vijana 6 au 8, na kila kikosi kina kiongozi aliye kijana kama wenzake. Huyo hujifunza kwamba kiongozi mwema hula mwisho, hulala baada ya kuona wote wamelala, na hubeba mzigo wa mgonjwa. Yale aliyoyasikia kanisani juu ya kuwatumikia wengine huyatenda kwa mikono yake.

Pili, vyamfundisha kushukuru. Nuu ni nchi ya ukavu, na watu wake wajua thamani ya maji. Kijana aliyechimba mchanga wa mto mkavu kwa jasho lake, akangoja maji yajikusanye polepole, akateka kibuyu kimoja, hatayamwaga ovyo. Dini ya Kiislamu yakataza israfu ya maji hata katika kutawadha, na Mkristo naye hufundishwa kuomba riziki ya leo na kuishukuru. Kambini mafundisho hayo yaonekana kwa macho.

Tatu, vyampa nafasi ya kunyamaza. Usiku, moto unapofifia, na nyota zimejaa juu ya vilima vya Nuu, kijana huona udogo wake na ukuu wa Muumba. Katika mji wenye taa na makelele nafasi hiyo ni adimu.

Nne, vyamzoeza kutenda jema moja kila siku bila kudai malipo, kama kumtekea maji bibi kizee, kumwongoza kipofu, au kuondoa mwiba njiani. Wakamba wanayo desturi njema ya mwethya, ambayo watu hukusanyika wakafanya kazi ya mmoja wao au ya wote. Katika Kitui mabwawa mengi ya mchanga yamejengwa na wanavijiji waliobeba mawe kwa mikono. Kikosi cha Maskauti kikijiunga na mwethya, kitakuwa kimeleta nguvu mpya katika jambo la zamani. Kila Mkristo aijua habari ya Msamaria aliyemsaidia mtu aliyejeruhiwa njiani. Skauti hujifunza pia namna ya kuifunga ile jeraha, maana huruma isiyo na maarifa yaweza kumdhuru mgonjwa.

5. FUNDISHO LA MTO ENZIU

Watu wa Nuu na Mwingi hawataisahau tarehe 4 Desemba 2021. Siku hiyo basi lililochukua wanakwaya wa kanisa, waliokuwa wakienda arusini Nuu, lilichukuliwa na mafuriko ya mto Enziu. Wengine waliokolewa, lakini watu zaidi ya 30 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Hatuandiki haya ili kuwalaumu marehemu, ambao safari yao ilikuwa ya furaha na ya heshima. Twaandika kwa sababu walio hai wana deni la kujifunza.

Mito ya Kitui hudanganya. Asubuhi mto ni mchanga mtupu, na jioni, mvua ikiwa imenyesha mbali ambako hukuona wingu, maji hushuka kwa nguvu. Maji yaendayo kasi, hata yakifika magotini tu, yaweza kumwangusha mtu mzima, na yakizidi kidogo huweza kuinua motokaa. Tena hufunika mashimo, usijue kama barabara ingali chini yake au imekwisha kuchukuliwa.

Neno la Maskauti ni "Uwe Tayari." Skauti hufundishwa kutazama rangi ya maji, na vijiti na majani yanayoelea, na kusikiliza ngurumo ya mto juu. Hufundishwa kutupa kamba kutoka ukingoni badala ya kujitupa majini, maana mara nyingi mwokozi asiye na maarifa huzama pamoja na anayeokolewa. Juu ya yote hufundishwa ujasiri wa kusema, "Tungoje," hata kama wengine wote wana haraka. Haraka haraka haina baraka.

Je, hayo yapingana na imani? Hasha. Mtu aombaye Mungu amlinde njiani, kisha akafumba macho aliyopewa na Mungu, hajamtumaini, amemjaribu. Sala kabla ya safari na kuuchungulia mto kabla ya kuvuka ni mambo mawili yaendayo pamoja. Laiti kila kwaya, kila shule na kila kundi la vijana wa dini lingekuwa na vijana wachache waliofunzwa hivyo, tena wenye kusikilizwa na wakubwa wao.

6. MAMBO YA KUANGALIWA NA WAZAZI

Si haki kusifu chama bila kutaja hatari zake. Sare na nishani zaweza kumtia kijana kiburi, akapenda gwaride kuliko kazi. Yuko awezaye kuikariri sheria yote ya skauti na hali nyumbani hamsaidii mama yake kuchanja kuni. Uskauti wa namna hiyo ni ganda tupu.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kiongozi mbaya. Kabla ya kumtoa mtoto, mzazi na aulize: Kiongozi huyu ni nani, naye amepata mafunzo wapi? Je, anatambuliwa na Chama cha Maskauti cha Kenya? Kambini watakuwapo watu wazima wawili au zaidi? Mtu mzima asiachwe peke yake na mtoto mahali pa siri, hata awe na sifa njema namna gani, hata awe mtu wa kanisa. Kiongozi mwema hatakasirika kuulizwa hayo, atafurahi.

Mzazi pia asidhani ya kwamba akiisha kumtia mtoto katika uskauti kazi yake imekwisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wako Sungura, walio wadogo kabisa, kisha Chipukizi, kisha Mwamba, na mwisho Jasiri, walio vijana wakubwa. Na siku hizi wasichana nao hupokewa. Katika ngazi hizo zote chama humsaidia mzazi, lakini hakimwondolei kazi yake.

7. NENO LA MWISHO

Dini humpa kijana sababu ya kutenda mema. Uskauti humpa zoezi la kuyatenda, siku baada ya siku, mpaka yawe mazoea. Mwenye sababu bila zoezi hukusudia mengi na kutenda machache, na mwenye zoezi bila sababu hatajua aendako. Kijana wa Nuu akiwa na yote mawili, jirani zake watamwona anapofika wakati wa taabu.

MASWALI YA KUJADILIANA

Walimu na viongozi wa vijana wanaweza kuyatumia maswali haya katika mikutano yao:

1. Ahadi ya skauti na kithitu vyatofautiana katika mambo gani?
2. Mkutano wa Copenhagen wa mwaka 1924 uliamua nini juu ya dini?
3. Taja alama tatu zinazoonyesha kwamba mto unajaa. Ni nani katika kundi lenu apaswaye kusema, "Tungoje"?
4. Kikosi cha vijana wenu kingeweza kufanya kazi gani katika mwethya kabla ya mvua zijazo?
5. Ni jema gani moja ulilolitenda leo, ambalo hapana mtu aliyekuona ukilitenda? Swali hili usilijibu kwa sauti.