Somo la 14: Baiskeli Mpya

Umeuza tumbaku, au asali, au mbuzi wako. Umenunua baiskeli mjini Tabora. Ni mpya, inang'aa. Hongera! Sasa jiulize: je, uipakie magunia leo hii?

Usiipakie. Izoee kwanza.

Katika darasa letu alikuwamo mzee mmoja. Alinunua baiskeli siku ya mnada. Siku ile ile alifunga gunia la mahindi kwenye keria, akashika njia ya kwao. Njiani palikuwa na mchanga mwingi. Gurudumu la mbele likazama, usukani ukapinda, mzee akaanguka na mzigo wake. Alivunjika mkono wa kulia. Msimu ule hakulima. Baiskeli ilikuwa nzima, na mzee alijua kuendesha tangu ujana wake. Lakini baiskeli ile alikuwa hajaizoea.

Watu wa zamani walilijua jambo hili. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Siku ya kwanza msafara haukwenda mbali. Ulilala karibu, ili mizigo ifungwe vizuri na kilichosahauliwa kifuatwe. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo kuja huku. Kambi yake ya kwanza ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka mjini. Baada ya miezi mitatu alifika Kwihara, karibu na Tabora.

Nawe anza hivyo hivyo.

1. Pima kiti. Kaa juu yake, mtu akushikie baiskeli. Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini. Mguu unyooke. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatauma. Kikiwa juu mno, utayumba.

2. Zijue breki. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe, kisha kaza breki moja. Likisimama, hiyo ndiyo breki ya nyuma. Ukiendesha, tumia breki zote mbili. Ukikaza ya mbele peke yake kwa ghafla, unaweza kurushwa.

3. Fanya matembezi mafupi. Toka asubuhi, bila mzigo na bila kupakia mtoto. Nenda kwa jirani, urudi. Kesho nenda mbali kidogo. Akina mama, fungeni kanga vizuri isije ikanaswa na cheni.

4. Jifunze mchanga. Punguza mwendo kabla ya kuufikia. Ukiwa ndani yake, usipinde usukani ghafla. Ukiona mchanga ni mwingi, shuka ukokote. Kushuka si aibu.

5. Barabara ya lami iache mwisho. Pita kushoto, pembeni. Lori likipita kwa kasi, upepo wake hukusukuma. Shika usukani imara.

6. Kagua nati. Baiskeli mpya hulegea inapoanza kutumika. Baada ya wiki moja au mbili, mpelekee fundi akaze nati, atazame spoku na arekebishe breki. Kazi hiyo ni ya muda mfupi, lakini huokoa mali yako.

7. Ongeza mzigo kidogo kidogo. Anza na debe moja. Utaona kwamba baiskeli yenye mzigo haisimami upesi, nayo hupinda kwa shida. Ukishazoea, ongeza.

Ndugu msomaji, baiskeli ni miguu ya nyumba nzima. Itapeleka mazao sokoni na mgonjwa zahanati. Siku ya mgonjwa si siku ya kujifunza breki. Siku hiyo ikufike ukiwa umezoea. Wahenga walisema: Mwenda pole hajikwai.

Maswali

1. Kwa nini mzee alianguka?
2. Kwa nini msafara haukwenda mbali siku ya kwanza?
3. Utaijuaje breki ya nyuma?
4. Ukikuta mchanga mwingi utafanya nini?

Zoezi

Andika sentensi tatu juu ya njia ya kutoka kwako hadi sokoni. Taja mahali penye mchanga, mteremko au lori nyingi. Wasomee wenzako darasani.