Somo la Afya: Uchovu Usiokwisha Una Chanzo

Mkazi anayechoka kila siku na kushikwa na kizunguzungu asikimbilie dawa za kuongeza nguvu. Huenda ana upungufu wa damu, nao una chanzo: mlo usio na madini ya chuma ya kutosha, malaria, minyoo ya safura au hedhi nzito. Kwa mjamzito, kiwango cha damu kilicho chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu.

Nyumbani, maharage na mchicha viliwe pamoja na chungwa, ambalo husaidia mwili kufyonza chuma. Chai huzuia ufyonzaji huo. Inywewe angalau saa moja baada ya mlo. Viatu na choo bora hukinga safura.

Mwenye dalili hizo afike zahanati iliyo karibu apimwe kwanza, ndipo atibiwe chanzo chenyewe.