Feni ya Guta na Swichi Yake: Somo Kutoka Karakana ya Nyumbani



Tumezoea kuwaletea hapa somo la ufundi ambalo kamati ya parokia inaweza kulifanyia kazi bila kumsubiri fundi wa mjini. Safari hii tunaandika juu ya feni inayopoza injini ya pikipiki ya magurudumu matatu, ile ambayo wengi tunaiita guta. Tunaandika pia kwa sababu tuna deni la maelezo kwa waliotuchangia. Tuliwaarifu kwamba swichi ya feni ni mbovu, na kwa fedha zao tukanunua swichi mbili. Tulikosea.

Guta letu lina injini ya cc 200 inayopozwa kwa maji. Hubeba mahindi, saruji, na kila baada ya wiki mbili maboksi ya dawa za zahanati, katika barabara ya vumbi ya Nyanda za Juu Kusini, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Likipanda mlima na mzigo huenda polepole, upepo unaopita kwenye rejeta hautoshi, na feni ndiyo inayobaki kuwa tegemeo. Mara tatu lilichemsha kabla feni haijazunguka. Mara ya tatu gasketi ya silinda hedi iliungua, na dawa zikamalizia safari mabegani mwa watu.

Feni hiyo huwashwa na swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta. Maji yakiwa ya baridi swichi huwa imekata umeme. Yakifikia joto lililopangwa huunganisha, na feni huanza. Kwa hiyo feni isipozunguka, kila mtu huilaumu swichi, nasi tulifanya hivyo.

Kipimo cha kwanza ni chepesi. Injini ikiwa imepoa, chomoa waya mbili za swichi ya joto, ziunganishe kwa kipande cha waya, kisha washa ufunguo. Feni ikizunguka, basi feni, fyuzi na nyaya ni nzima. Yetu ilizunguka. Tukafungua swichi, tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka na kuipima kwa mita ya umeme. Haikuunganisha. Tukaitupa kando, tukanunua nyingine. Nayo haikuunganisha. Tukamlaumu muuza vipuri, tukanunua ya tatu.

Kosa letu lilikuwa kwenye sufuria. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 pale pwani, lakini kila ukipanda mita 300 hivi kiwango hicho hushuka kwa takribani nyuzi 1. Kwa mita 1,700 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na hayapandi zaidi hata uongeze mkaa. Swichi zetu zimepangwa kuunganisha kwenye nyuzi 95! Tulirudia kipimo kwa mafuta ya kupikia katika sufuria kuukuu, moto mdogo, nje ya nyumba, mchanga ukiwa karibu, na kipimajoto kinachovuka nyuzi 110. Swichi ikaushwe kabisa kwanza, kwa maana tone la maji ndani ya mafuta ya moto huruka usoni. Ining'inizwe kwa waya, ncha yake tu ikiwa ndani, isiguse chini. Zote tatu ziliunganisha, hata ile ya zamani.

Basi kwa nini guta lilichemsha? Ni jambo lilelile la sufuria. Kifuniko cha rejeta kina springi inayozuia shinikizo ndani, na kwa kifuniko kizima cha baa 1 maji hayachemki mpaka yavuke nyuzi 115, hata huku kwetu. Mpira wa kifuniko chetu ulikuwa umepasuka. Shinikizo lilitoka, maji yakachemka kwenye nyuzi 94, nyuzi 1 tu kabla swichi haijaiita feni. Kifuniko kipya ni kitu kidogo sana ukikilinganisha na gasketi na siku za fundi. (Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, maji yale huunguza vibaya.)

Baada ya hapo ndipo tulipofanya marekebisho yenyewe, yaani kuongeza swichi ya mkono ili dereva awashe feni mapema, chini ya mlima. Swichi hii ifungwe sambamba na ile ya joto: waya zake mbili ziungwe kwenye zile waya mbili za swichi ya joto, na ile ya joto ibaki mahali pake. Yoyote kati ya hizo mbili ikiunganisha, feni huzunguka. Wapo mafundi wanaoing'oa swichi ya joto kabisa, au wanaoifunga mpya katika mfuatano nayo. Hatukubaliani nao. Siku dereva akisahau kuwasha, hakuna kitakachoiokoa injini.

Feni yetu inakula ampea 4. Tulitumia waya wa milimita 1.5 za mraba na swichi yenye kifuniko cha mpira kwa sababu ya vumbi na mvua. Maungio tuliyalehemu, maana yaliyosokotwa kwa vidole hulegea kwa mtikisiko.

Jambo moja tulilipuuza. Umeme wa feni ulitoka moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye ufunguo. Jumapili ya kwanza dereva aliegesha, akaingia ibadani, kisha akabaki kwenye kikao cha kamati. Betri ya ampea-saa 9 hailishi feni ya ampea 4 kwa zaidi ya saa mbili na robo, na kikao kile mnakijua. Guta lilisukumwa. Siku iliyofuata tulihamishia waya huo kwenye njia inayopita kwenye ufunguo, na fyuzi ya ampea 10 mwanzoni mwake. Sasa feni hufa pamoja na ufunguo, hivyo dereva akimaliza mlima huiacha injini ingurume dakika mbili kabla ya kuizima.

Swichi mbili za joto zimebaki kabatini, nzima. Parokia yenye guta na inayohitaji moja imtume mtu ofisini akiwa na swichi yake ya zamani, ili tulinganishe hesi zake na joto lililoandikwa juu yake.