Jino Linauma na Unatumia ARV? Nenda Katibiwe

Wapo watu wanaoishi na VVU ambao hawakosi tarehe ya kliniki ya tiba na matunzo (CTC) hata mara moja, dawa wanameza kila siku, na wingi wa virusi umeshuka. Lakini jino likitoboka wanakaa nalo nyumbani: karafuu, maji ya chumvi, vidonge vya dukani. Wanaogopa kwamba kwa daktari wa meno kadi ya CTC itaonekana, kisha waambiwe warudi kesho, na kesho kutwa, hadi wachoke wenyewe.

Woga huo una chanzo, maana wapo waliotendewa hivyo. Kitaalamu, hata hivyo, hakuna sababu ya kumkwepa mgonjwa mwenye VVU. Wapo watu wasiojua hali zao, kwa hiyo daktari anatakiwa amhudumie kila anayeketi kwenye kiti chake kama mtu ambaye damu yake inaweza kuambukiza. Anavaa glavu mpya na barakoa, sindano ya ganzi inatumika mara moja na kutupwa, na koleo hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi joto 121 au zaidi. Koleo lililokung'oa wewe leo ndilo litakalomng'oa mwenyekiti wa mtaa kesho, na hatadhurika. Kituo kinachokutengea vifaa vyako peke yako kinakiri kwamba vya wengine havitakaswi vizuri.

Hulazimiki kutaja hali yako ndipo utibiwe. Mimi nashauri umwambie daktari dawa unazomeza, kwa faida yako. Vidonge vingi vya ARV vina tenofovia, na diklofenaki, ile dawa ya maumivu inayonunuliwa ovyo jino likiuma, ikichanganywa nayo kwa dozi kubwa au kwa siku nyingi inaweza kuumiza figo. Kwa kawaida panadoli ni salama zaidi. Na usiache ARV eti kwa sababu umeng'olewa jino.

Kinywa pia hutoa habari mapema. Utando mweupe unaofutika kwa kitambaa na kuacha wekundu ni fangasi. Ukipewa dawa ya maji ya nistatini, izungushe mdomoni kwa muda kabla ya kumeza; wengi huimeza papo hapo, kisha wanalalamika kuwa haisaidii. Mabaka ya zambarau kwenye kaakaa au fizi yanaweza kuwa saratani ya Kaposi. Fizi zinazouma ghafla, zinazotoka damu na kunuka vibaya hazisubiri wiki ijayo. Kwa mtoto, angalia uvimbe wa mashavu karibu na masikio usioisha. Ukiona dalili hizi na ulishaanza dawa, mwambie mhudumu wa CTC: huenda wingi wa virusi umepanda na unahitaji kupimwa.

Nyumbani, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Kila mtu awe na mswaki wake, maana fizi hutoka damu. Mdomo ukikauka, kunywa maji kidogo kidogo, na soda uiache.

Gharama ndiyo kikwazo kingine. ARV hutolewa bure, lakini jino mara nyingi hulipiwa, na nauli ni juu yako. Omba miadi ya meno iangukie siku ileile ya CTC, kama kituo chako kina huduma zote mbili. Kama huna uwezo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ueleze hali yako kabla ya kukata tamaa. Kuna utaratibu wa msamaha.

Tanzania ina Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008, inayokataza unyanyapaa na ubaguzi na kumtaka mhudumu atunze siri yako. Ukikataliwa, usigombane dirishani. Muulizie mganga mfawidhi wa kituo, mweleze tarehe na kilichotokea. Asipokusikiliza, peleka malalamiko kwa mganga mkuu wa wilaya, ukiwa na ndugu au mwenzako wa kikundi cha watu wanaoishi na VVU (WAVIU).