Bustani ya Mboga Barazani: Matuta ya Kuinuliwa na Madebe ya Udongo

Msafiri apitaye katika vilima vya Machakos huona jinsi watu walivyoishinda miteremko. Mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi, na mengi kwa njia iitwayo "fanya juu": mfereji huchimbwa kufuata usawa wa kilima, na udongo wake hutupwa upande wa juu, ukawa ukingo wa kuzuia maji. Katika miaka ya 1930 nchi hiyo ilijulikana kwa mmomonyoko wa udongo. Kazi ya matuta ilipolazimishwa na serikali ya kikoloni ilichukiwa. Lakini baada ya uhuru wa 1963 watu waliiendeleza kwa hiari yao, na vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wao ni akina mama, vilifanya sehemu kubwa.

Lakini jambo moja husahauliwa. Nyumba nayo imesimama juu ya ngazi ya kilima, na uwanja wake wa mbele mara nyingi huachwa mtupu. Mvua ikinyesha, maji huuchimba; kiangazi kikifika, mama wa nyumba hununua sukuma wiki sokoni hali nafasi anayo mlangoni pake. Somo hili laeleza namna ya kuitumia nafasi hiyo.

MAHALI. Uwanja wa kilimani una sehemu mbili: ile ya ndani iliyochongwa, ambayo ni imara, na ile ya nje iliyojazwa udongo. Debe moja la udongo uliolowa laweza kufika kilo 30. Basi usiweke tuta zito ukingoni, lisije likaporomoka pamoja na uwanja; acha nafasi ya meta moja.

Hali kadhalika, tuta lisiegemee ukuta wa nyumba. Mwandishi wa somo hili alifanya kosa hilo nyumbani kwake, akitaka kuokoa mawe ya upande mmoja. Mvua za vuli zilipokwisha, ukuta ulikuwa na unyevu hata ndani, na mchwa walikuwa wamepitia udongo ule wakaula mwimo wa mlango. Fedha za kuubadili mwimo zingalinunua mboga za miezi mingi. Kati ya tuta na ukuta pawe na njia ya kupita mtu, ili uweze kuwaona mchwa mapema.

KUJENGA. Tuta linalofikiwa pande zote mbili liwe na upana usiozidi meta 1.2, la upande mmoja, sentimeta 60. Kusudi ni mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Kimo cha sentimeta 30 chatosha. Husemwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kwa mzee mwenye maumivu ya mgongo, inua tuta hata sentimeta 60, naye hatakuwa na haja ya kuinama sana. Sakafu ikiwa ya udongo, ilime kwanza kwa jembe. Ikiwa ya saruji, acha matundu ya maji upande wa chini.

MADEBE NA MAGUNIA. Toboa debe matundu matano au sita kitakoni, ulikalishe juu ya matofali mawili. Debe lililotiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe lisitumiwe kabisa, hata likioshwa mara saba. Gunia hujazwa udongo kuzunguka nguzo ya mawe madogo iliyo katikati, ambayo hupeleka maji hata chini, na miche hupandwa juu na ubavuni.

UDONGO. Changanya sehemu mbili za udongo mzuri wa juu, moja ya samadi, na moja ya mchanga. Samadi iwe imeoza vema. Ikiwa ingali na joto au harufu kali, itaunguza mizizi.

MAJI. Udongo ulioinuliwa hukauka upesi, na hii ndiyo hasara yake. Ufunike kwa majani makavu, nayo yasiguse mashina. Maji yaliyooshea mboga yafaa. Chovya kidole udongoni: ukiwa na unyevu kwenye pingili ya pili, ngoja kesho.

KUPANDA. Mchicha na dania hutosheka na sanduku lisilo na kina kirefu. Mnyanya upewe debe lake peke yake. Sukuma wiki ziachane sentimeta 45. Chuma majani ya chini tu, uache ya juu, nao mche utakulisha kwa miezi mingi.

MASWALI
1. Kwa nini tuta lisiegemee ukuta?
2. Kwa nini lisiwekwe ukingoni mwa uwanja?
3. Pima uwanja wako leo. Je, waweza kutoshea matuta mangapi?