SOMO LA AFYA: SIKIO LINALOTOA USAHA



Tunapotembelea familia hapa Kinoru tunakutana na watoto ambao sikio linatoa usaha mwaka nenda, mwaka rudi. Shuleni mtoto huyo anaitwa mkaidi, kumbe hasikii. Nyumbani tunaambiwa, "Hiyo itaisha tu yenyewe." Tujifunze.

1. Ngoma ya sikio
Ni ngozi nyembamba, upana wake kama sentimita 1, inayotikisika sauti ikiigonga. Hutoboka kwa ugonjwa, kofi au kijiti. Mara nyingi tundu huziba lenyewe kwa wiki chache, hata miezi 3. Likikaa zaidi, maji yakiingia usaha unarudi. Ugonjwa unaweza kufika hadi kwenye mfupa, hata ubongo.

2. Je, dawa inatosha?
Utafiti wa Kiambu uliochapishwa mwaka 1996 ulihusu wanafunzi 524. Baada ya wiki 16, kati ya kila 100 waliosafishwa sikio na kupewa dawa, 51 walikauka usaha. Waliosafishwa tu walikuwa 22. Basi dawa ya kliniki inasaidia, lakini kwa wengi tundu lilibaki wazi.

3. Operesheni
Zamani mara nyingi daktari alipasua nyuma ya sikio. Siku hizi, penye vifaa, anapitisha chombo chembamba chenye taa na kamera ndani ya tundu la sikio lenyewe. Anachukua kipande kidogo cha utando au gegedu la mgonjwa na kukiweka kama kiraka. Ngozi inaota juu yake. Kidonda ni kidogo, na kwa wagonjwa 8 au 9 kati ya 10 kiraka hushika. Lakini si wote wanaorudishiwa kusikia kote.

4. Tufanye nini?
- Tusimwage mafuta, maji ya majani wala parafini sikioni.
- Akioga, tuweke pamba yenye mafuta ya kujipaka. Asiogelee mtoni.
- Usaha ukizidi wiki 2, twende kliniki, tuombe barua ya kumwona daktari wa masikio.
- Tuulize mapema hospitalini kama SHA italipia.

Katika Marko 7 Yesu alimtenga yule kiziwi na umati kwanza, ndipo akamponya. Nasi tumwangalie kila mtoto peke yake.

Maswali ya jumuiya
1. Ni mtoto gani jirani asiyeitika akiitwa?
2. Nani atamsindikiza mama yake kliniki wiki hii?